Jinsi ya Kupima Mshiko wa Protini ya Bakteria Inayobeba Maltosi, na Jinsi ya Kujua Kama Inaipitisha

Wanga wa ugali au wa muhogo ukishavunjwa na vimeng'enya vya mate na vya kongosho, vipande vyake vya maltosi (glukosi mbili zilizoungana) na maltotriosi (glukosi tatu) huelea tumboni katika maji mengi, na bakteria wa Escherichia coli aliyeko utumboni hana budi kuvitafuta vikiwa vimetawanyika. Ili kuvipata, bakteria huyo huweka kati ya utando wake wa nje na utando wake wa ndani, katika nafasi iitwayo periplazimu, maelfu ya nakala za protini moja yenye asidi amino 370 na uzito wa takriban kilodaltoni 40.6. Jeni inayoitengeneza huitwa malE, na protini yenyewe huitwa MalE. Kazi yake ni kuikamata maltosi na kuikabidhi kwa mashine iliyomo katika utando wa ndani.

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mwanafunzi wa baiolojia ya molekuli mwenye maabara ya kawaida, yaani mashine ya sentrifuji, chumba cha baridi, spektrofotometa na, ikiwezekana, fluorometa, kifaa cha kupima mng'ao. Unaeleza jinsi ya kuitoa protini hiyo katika seli, kuisafisha, kuivua maltosi iliyokuja nayo, kupima nguvu ya mshiko wake, na hatimaye kuthibitisha kwamba inachokishika hupita kweli hadi ndani ya seli. Nitakaa zaidi katika hatua ya kuivua maltosi, kwa kuwa ndiyo inayoharibu matokeo ya watu wengi huku hatua nyingine zote zikionekana kuwa zimekwenda sawa.

Fahamu kwanza unachokipima

MalE ina pande mbili zilizounganishwa kwa bawaba, mfano wa chaza mwenye makombe mawili. Ikiwa tupu, ufa ulio kati ya pande hizo huwa wazi. Maltosi ikiingia, pande hizo huzunguka kwa takriban nyuzi 35 na kuifunika. Tunalijua hili kutokana na picha za fuwele zilizotolewa mwanzoni mwa miaka ya 1990 na kundi la Florante Quiocho, mwanasayansi mzaliwa wa Ufilipino aliyefanya kazi Houston, Marekani. Ndani ya ufa kuna triptofani za nafasi ya 62, 230 na 340 pamoja na tirosini ya 155, ambazo hulala bapa juu ya pete za sukari, na kuna asidi amino nyingine zinazoshika vikundi vya haidroksili kwa vifungo vya haidrojeni. Kuwapo kwa triptofani hizo karibu na sukari ndiko kunakotuwezesha kuuona mshiko kwa mwanga, kama itakavyoelezwa.

Uchaguzi wa protini hizi ni mkali kuliko mtu anavyoweza kudhani. Mfano ninaoupenda si wa sukari bali wa chumvi mbili zinazofanana kwa umbo na ukubwa, salfeti na fosfeti. Protini inayokamata salfeti huishika kwa vifungo saba vya haidrojeni, bila kuwapo mnyororo wa kando wenye chaji chanya wa kuikabili chaji yake hasi. Protini inayokamata fosfeti, kwa upande wake, ina asidi ya aspatiki ndani ya ufa ambayo inahitaji kupokea haidrojeni kutoka kwa mgeni. Fosfeti huwa nayo katika hali ya kawaida ya seli, lakini salfeti haina, na hivyo hukataliwa mlangoni. Haidrojeni moja tu ndiyo inayoamua nani aingie.

Kuitoa protini bila kuivunja seli

Ukivunja seli nzima utapata protini zote pamoja na mabaki ya DNA yanayonata kama uji wa mlenda. Kwa kuwa MalE inakaa nje ya utando wa ndani, kuna njia ya upole zaidi, nayo ni mshtuko wa osmosisi uliobuniwa na Harold Neu na Leon Heppel mwaka 1965.

Otesha E. coli K-12 wa kawaida, ambaye hana madhara, katika mchanganyiko wa virutubisho wenye maltosi asilimia 0.4 kama chakula pekee cha kaboni. Usiongeze glukosi kwa nia ya kuharakisha ukuaji. Glukosi huzuia jeni za maltosi zisisomwe, na zaidi ya hapo, protini moja ya mfumo wa glukosi hukamata sehemu ya mashine ya maltosi na kuisimamisha, kwa hiyo utavuna seli nyingi zenye MalE kidogo. Vuna seli kabla hazijamaliza chakula, kisha zioshe kwa bafa, yaani myeyusho unaotunza pH.

Changanya seli taratibu katika myeyusho wa sukari ya mezani asilimia 20, wenye Tris milimola 30 ya pH 8 na EDTA milimola 1. Acha kwa dakika 10 katika joto la chumba huku ukitikisa polepole. EDTA hunyakua ioni za magnesi na kalsiamu zinazoushikilia utando wa nje, na sukari nyingi huvuta maji kutoka ndani ya seli. Zungusha kwenye sentrifuji, mwaga maji ya juu yote hadi tone la mwisho, kisha yachanganye mashapo kwa haraka katika myeyusho wa barafu wa salfeti ya magnesi milimola 5. Maji huingia kwa ghafula, utando wa nje uliodhoofika huachia, na protini za periplazimu hutoka huku utando wa ndani ukibaki mzima. Baada ya dakika 10 katika barafu, zungusha tena. Safari hii unachokihitaji ni maji ya juu, na mashapo ndiyo ya kutupwa. Wapo waliokwisha kumwaga kazi ya siku mbili kwa kusahau kwamba mambo yamegeuka.

Sukari ya mezani iliyotumika hapa haitakusumbua baadaye, kwa sababu MalE haiishiki. Sifa hiyo tutaitumia tena kama jaribio linganishi.

Kusafisha kwa shanga za wanga

MalE hupenda minyororo ya wanga, na hivyo hunaswa na shanga zilizofunikwa kwa amilosi. Ongeza bafa ya Tris milimola 20 yenye pH 7.4, chumvi ya kawaida milimola 200 na EDTA milimola 1, pitisha maji yako polepole katika safu ya shanga, kisha osha kwa bafa hiyo hiyo mara kumi au kumi na mbili ya ujazo wa safu. Mwishoni pitisha bafa yenye maltosi milimola 10. Maltosi iliyo huru huchukua nafasi ya amilosi ndani ya ufa, na protini huachia shanga na kutoka ikiwa safi kwa kiwango cha kuridhisha.

Sasa tazama ulichonacho mkononi: protini safi ambayo kila ufa wake umejaa maltosi. Ukiipeleka hivyo kwenye fluorometa na kuiongezea maltosi, hakuna kitakachobadilika, nawe utaandika katika daftari kwamba protini imekufa. Haijafa, imeshiba.

Kuivua maltosi

Wengi huiweka protini katika mfuko wa dayalisisi, ambao hupitisha sukari lakini huzuia protini, huutumbukiza mfuko katika lita mbili za bafa usiku kucha, hubadilisha bafa mara mbili, na kudhani kwamba maltosi imekwisha. Dhana hiyo ingekuwa sahihi kama maltosi ingekuwa peke yake ndani ya mfuko. Lakini mwaka 1975 Thomas Silhavy, Sevec Szmelcman, Winfried Boos na Maxime Schwartz walionyesha kwamba protini inayokamata sukari huichelewesha sukari hiyo kutoka kwa kiasi kinachoweza kukokotolewa. Mara maltosi inapokuwa kidogo kuliko protini, muda wa nusu yake kutoka huongezeka kwa kipengele hiki:

1 + [P] ÷ Kd

[P] ni ukolezi wa sehemu za kushikia zilizo tupu, na Kd ni ukolezi wa maltosi huru ambapo nusu ya protini huwa imeshika. Kwa MalE na maltosi, Kd ni karibu maikromola 1. Chukua mfano wa protini ya miligramu 4 kwa mililita, ambayo ni kiasi cha maikromola 100. Kipengele ni 101. Ikiwa mfuko usio na protini ungepoteza nusu ya maltosi kwa saa moja, mfuko wenye protini utahitaji saa 101, yaani zaidi ya siku nne, kwa kila nusu. Usiku mmoja haufanyi lolote la maana.

Hapa kuna jambo linalowatatiza wanafunzi, na ni haki yao kutatizwa. Kila molekuli ya MalE hufunguka na kuiachia maltosi makumi ya mara kwa sekunde. Inawezekanaje basi maltosi ikae siku nne? Ni kwa sababu kila inapoachiwa hukutana na protini nyingine iliyo wazi kabla haijaufikia ukuta wa mfuko. Haizuiwi na mshiko mmoja mrefu. Inazuiwa na mishiko mifupi mingi isiyohesabika. Ndani ya bakteria aliyelishwa maltosi, ukolezi wa MalE katika periplazimu hukaribia milimola 1, ambayo ni mara elfu moja ya Kd, na hivyo maltosi iliyokwisha kuingia katika periplazimu hairudi nje kwa urahisi. Kero yako ya maabara ndiyo hazina ya bakteria.

Kutokana na kanuni hiyo, njia ya kwanza ya kuivua maltosi hujitokeza yenyewe: punguza ukolezi wa protini kabla ya dayalisisi. Kwa maikromola 1 ya protini, kipengele hushuka hadi 2, na dayalisisi ya siku mbili yenye bafa nyingi inayobadilishwa mara kwa mara hufanya kazi. Baadaye utaikoleza tena kwa kichujio cha sentrifuji. Njia hii ni ya polepole na inakula bafa, lakini haiidhuru protini.

Njia ya pili ni kuikunjua protini ili isiwe na ufa wa kushikia chochote. Weka guanidini hidrokloraidi hadi mola 6, fanya dayalisisi katika myeyusho huo huo wa guanidini ili maltosi iondoke wakati protini ikiwa imekunjuka, kisha hamishia katika bafa ya kawaida ili ijikunje upya. MalE ni mojawapo ya protini zinazojikunja tena vizuri, na ndiyo maana njia hii inafaa kwake. Usiichukulie kuwa inafaa kwa kila protini. Baada ya kujikunja, zungusha kwenye sentrifuji ili kuondoa mabonge, na pima upya kiasi kilichobaki. Vaa glavu, kwani guanidini ni hatari kwa ngozi na macho. Ikiwa MalE yako imepachikwa mkia wa histidini, mambo huwa mepesi zaidi: inase kwenye safu ya nikeli, osha kwa guanidini ikiwa imenaswa hapo hapo, rudisha bafa ya kawaida, kisha itoe kwa imidazoli. Kwa njia hiyo maltosi huondoka na maji ya kuoshea na protini haiachii kamwe. Nikiwa na hiari, huchagua hii.

Ukiwa na kalorimita ya kupimia joto la mshiko, itumie kukagua kazi yako. Itakuonyesha ni molekuli ngapi za maltosi zinazoshikwa kwa kila molekuli ya protini. Jibu likikaribia 1, umefaulu. Likiwa 0.4, basi sehemu kubwa ya protini bado imeshiba, au imeharibika.

Kupima mshiko

Kwanza jua una protini kiasi gani. MalE ina triptofani 8 na tirosini 15, na kwa hiyo ufyonzaji wake katika nanomita 280 hukadiriwa kuwa takriban 66,000 kwa mola kwa sentimita. Maikromola 1 itatoa usomaji wa karibu 0.066.

Weka mililita 2 za protini ya maikromola 0.1 katika kijichupa cha kwatzi chenye joto la nyuzi 25. Piga mwanga wa nanomita 280 na usome mng'ao kuanzia nanomita 310 hadi 400. Maltosi inapoingia, mng'ao wa triptofani hupungua kidogo na kilele chake husogea nanomita chache kuelekea mawimbi marefu. Mabadiliko haya ni madogo, hivyo chagua mahali yanapoonekana zaidi. Kwa kuwa mng'ao unashuka na wakati huo huo unasogea kulia, upande wa kushoto wa kilele, karibu na nanomita 330 au 335, hupata hasara zote mbili kwa pamoja, na hapo ndipo pa kusomea.

Tayarisha maltosi ya milimola 1 kwa kuyeyusha miligramu 36 za maltosi yenye molekuli moja ya maji katika mililita 100 za bafa ile ile iliyo katika kijichupa. Toa sehemu yake na uipunguze mara kumi kwa ajili ya hatua za mwanzo. Kila maikrolita 2 za myeyusho hafifu katika mililita 2 huongeza maikromola 0.1, kila maikrolita 2 za myeyusho mzito huongeza maikromola 1. Panda kutoka 0.1 hadi 20, ukiweka nukta nyingi kati ya 0.3 na 3, kwa kuwa huko ndiko mstari unakopinda. Mshiko wenyewe hukamilika kwa chini ya sekunde moja, lakini subiri dakika moja au mbili ili mchanganyiko na joto vitulie.

Nunua maltosi iliyo safi kadiri unavyoweza. Ile ya bei nafuu mara nyingi huwa na maltotriosi kidogo, na kwa kuwa MalE huishika maltotriosi kwa nguvu zaidi, uchafu huo utaifanya protini yako ionekane hodari kuliko ilivyo.

Rudia kipimo chote mara mbili zaidi, mara moja ukiongeza bafa tupu na mara moja ukiongeza sukari ya mezani. Bafa itakuonyesha kiasi cha mng'ao kinachopotea kwa sababu tu ya kuongeza ujazo, na sukari ya mezani itathibitisha kwamba protini yako haipokei kila sukari inayopita. Ondoa upungufu wa bafa kutoka katika data ya maltosi, kisha chora na ulinganishe na mlinganyo huu:

F = F₀ + ΔF × [M] ÷ (Kd + [M])

F ni mng'ao unaousoma, F₀ ni mng'ao kabla ya maltosi, ΔF ni badiliko lote la mng'ao, na [M] ni maltosi uliyoongeza. Mlinganyo unafaa kwa sababu protini ya maikromola 0.1 ni kidogo mno kuweza kumeza sehemu kubwa ya maltosi. Ukitumia protini inayokaribia au kuzidi Kd, ni lazima utumie mlinganyo wa kipeo cha pili unaohesabu maltosi iliyoshikwa, la sivyo Kd yako itakuwa ukolezi wa protini tu uliovaa jina jingine. Kwa ukaguzi wa haraka bila kompyuta, tafuta ukolezi ulioleta nusu ya mabadiliko yote: ukiwa karibu na 1, basi katika maikromola 9 unapaswa kuwa umefika asilimia 90. Mstari usiofika huko huku ukiendelea kushuka polepole kwa kawaida huashiria kwamba mwanga wa taa unaichosha protini, si kwamba kuna mshiko wa pili.

Kushika si kupitisha

Kufikia hapa umepima ukamataji tu. Kuna molekuli zinazokamatwa vizuri na MalE lakini hazipiti kamwe, na mfano mashuhuri ni beta-siklodekstrini, pete ya glukosi saba. Pete hiyo huingia katika ufa, lakini MalE hubaki wazi, kama chaza aliyewekewa jiwe kati ya makombe yake. Safari inahitaji MalE iliyofungwa vizuri.

Maltosi hupita utando wa nje kupitia tundu la LamB, ambalo virusi viitwavyo faji lambda navyo hulitumia kujishikiza kwenye bakteria. Hukamatwa na MalE, na MalE iliyofungwa hutua juu ya protini mbili za utando wa ndani, MalF na MalG, ambazo chini yake zimeshikana na MalK mbili zinazotumia ATP, molekuli ya nishati ya seli. Picha ya fuwele ya mwaka 2007, iliyotolewa na kundi lililowashirikisha Jue Chen, Amy Davidson na Quiocho, iliinasa mashine hii katikati ya kazi: MalK zimekaribiana zikiwa na ATP, MalE imelazimishwa kufunguka, na maltosi imekwisha kuhamia ndani ya MalF katikati ya unene wa utando. ATP ikivunjwa, mlango wa ndani hufunguka na maltosi huingia katika seli.

MalE, basi, ni mbebaji na ni ufunguo pia. Bila MalE, mashine haivunji ATP ya kutosha kufanya kazi, hata maltosi ikiwa tele nje ya seli. Hilo unaweza kulithibitisha bila fluorometa. Pata E. coli aliyeondolewa jeni ya malE; mkusanyiko wa Keio, wenye E. coli walioondolewa jeni moja moja, uliotayarishwa Japani na kutangazwa mwaka 2006, unaye. Mpande kwenye sahani za agari ya MacConkey ambamo laktosi imebadilishwa na maltosi asilimia 1. Bakteria anayeitumia maltosi hutoa asidi na koloni zake huwa nyekundu. Asiyeweza huwa na koloni zilizopauka. Asilimia 1 ni karibu milimola 28, mara elfu nyingi zaidi ya Kd, na bado asiye na malE hubaki amepauka.

Kisha mpe plasmidi (duara dogo la DNA) yenye malE unayoichunguza, ukihakikisha mambo mawili. La kwanza, plasmidi iwe na asidi amino 26 za mwanzo zinazoituma protini nje ya utando wa ndani, kwani MalE iliyobaki ndani ya seli haisaidii kitu hata ikiwa inashika vizuri kabisa. La pili, jeni za malF na malG hufuata malE katika mnyororo mmoja, na kipande cha kinga dhidi ya kanamisini (dawa ya kuua bakteria) kilichowekwa mahali pa malE kinaweza kuzipunguza. Kiondoe kwanza, halafu jaribu malE ya kawaida kabla ya ile uliyoibadilisha. Koloni za malE ya kawaida zikiwa nyekundu na za malE yako zikibaki zimepauka ilhali Kd yake ni nzuri, rudi kwenye ufa na bawaba: unayo protini inayoshika bila kufunga, au inayofunga bila kutua juu ya MalF na MalG.